Laivu Kutoka Illasit: Kwa Nini Picha Hukwama Njiani, na Vile Wasee wa News Huifikisha Kanairo

Leo tuongee kuhusu kitu kila mtu ameona lakini karibu hakuna mtu huuliza. Uko kwa kinyozi, TV iko juu ya ukuta, mtangazaji anasema "tunaungana na mwenzetu mashinani." Mwenzetu anatokea, uso umekatika vipande vipande kama chapati imeraruka, anasema "ndio... ndi... d..." na picha inaganda mdomo ukiwa wazi. Kinyozi anacheka. Studio wanasema watamrejelea baadaye. Hawamrejelei.

Mimi pia nilikuwa nacheka. Hadi siku nilijipata upande ule mwingine wa kamera, Illasit.

Kama hujawahi fika huko, Illasit ni mji wa mpaka Kajiado Kusini, mbele kidogo ya Loitokitok. Ukivuka tu uko Tarakea, Tanzania. Kilimanjaro iko hapo inakuangalia kama mzee wa kijiji. Sisi wa Kitengela tuko kaunti moja na wao, lakini kufika huko unashika Mombasa Road hadi Emali, unakata kulia, unapita Kimana, unapita Loitokitok, ndo unafika. Ni zaidi ya kilomita 200, na bado uko Kajiado.

Nilikuwa nimeenda na cameraman mmoja wa kujitegemea, msee wa makamo, mimi humuita Buda. Kazi yangu ilikuwa kubeba tripod na kuandika. Chuo niliacha mwaka wa pili baada ya karo kukataa, so kubeba tripod ndo ilikuwa digrii yangu ya media. Usiku uliotangulia ndovu walikuwa wameingia shamba la nyanya la mama mmoja na kukanyaga karibu kila kitu. Mpango wetu ulikuwa laivu ya taarifa ya saa saba mchana.

Tulimuita Yeyo, vile Wamaasai humuita mama. Alivaa shanga zake zote, akasimama katikati ya nyanya zilizopondwa, akangoja. Studio wakahesabu. Tukaingia hewani. Kama sekunde kumi hivi, nikasikia kwa earphone ya Buda, "Inaonekana tumempoteza mwenzetu." Wakaenda kwa stori ya bei ya mafuta.

Yeyo hakujua. Aliongea hadi mwisho, akaeleza mkopo wa mbegu, akaeleza watoto wa shule, kila kitu. Alafu akanigeukia: "Kijana wangu, sasa Nairobi wameniona?"

Nilibaki nikiangalia viatu vyangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza mafundi na kusoma kila kitu nikipata, na nimegundua kwamba kuonekana kwa TV ni vita mbili: kwanza kupunguza picha hadi iwe nyepesi, pili kuipatia njia ya kupanda. Ukishindwa moja, hauonekani.

Kamera inamwaga data kama bomba limepasuka

Tuanze na hesabu, usihepe. Picha moja ya HD ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Hizo ni zaidi ya nukta milioni 2. Kila nukta inahitaji biti 24 kusema iko rangi gani. TV yetu huonyesha picha 25 kila sekunde. Zidisha zote, unapata biti bilioni 1.24 kwa sekunde moja. Dakika moja ya video mbichi ni kama gigabaiti 9.3. Bundles zako za wiki zingeisha kabla reporter amalize kusema jina lake.

Sasa siku hiyo Illasit nilipima mtandao kwa simu. Kushuka nilipata megabiti 14 kwa sekunde. Kupanda nilipata 0.8. Yaani kamera ilikuwa inatoa zaidi ya mara 1,500 ya kile njia ingeweza kubeba. Ni kama kuhamisha estate nzima ya Kitengela na nduthi moja.

So lazima kitu kiachwe. Swali ni nini.

Kukunja nguo na kuacha nguo

Ukihama na begi dogo una mbinu mbili. Unaweza kukunja nguo vizuri zaidi, na ukifika unazikunjua zote ziko. Ama unaweza kuacha zile hutavaa. Kodeki, yaani programu inayobana video, hufanya zote mbili, lakini nguvu yake kubwa iko kwa kuacha. Siri yake ni kuacha zile nguo wewe hutagundua hazipo.

Ya kwanza kuachwa ni rangi. Macho ya binadamu huona tofauti ya mwanga na giza vizuri sana, lakini kwa rangi tuko slow kidogo. So kodeki inahifadhi mwanga wa kila nukta, alafu rangi inaweka moja kwa kila nukta nne. Hapo tu nusu ya mzigo imeenda, na kwa kinyozi hakuna mtu amenotice.

Ya pili ni maelezo madogo madogo. Kodeki inakata picha vipande, kama vile unakata mandazi, na kila kipande inakigeuza kuwa hesabu: hapa kuna mabadiliko ya polepole, kama anga, na hapa kuna mabadiliko ya haraka, kama nywele. Yale madogo sana inayapunguza au inayatupa. Hii hesabu inaitwa DCT, na msee aliyeileta ni Nasir Ahmed, mzaliwa wa India aliyekuwa anafundisha chuo cha Kansas, Marekani. Mwaka wa 1972 aliomba pesa za kuifanyia utafiti, wakamnyima. Akaendelea na wenzake hivyo hivyo, wakaichapisha 1974. Leo picha za JPEG na video nyingi unazotazama zimepitia hesabu ya aina hiyo. So wewe umekataliwa mahali wiki hii, tulia.

Ya tatu ndo kubwa. Fikiria unapigia mathako simu. Mara ya kwanza unamueleza kila kitu: niko stage, karibu na duka la dawa, nimevaa jaketi nyekundu, kuna mathree mbili. Akipiga tena baada ya dakika moja, huanzi upya. Unasema tu, "Bado niko hapo, ila mathree moja imetoka." Kodeki hufanya hivyo. Inatuma picha moja nzima, tuiite picha mama, alafu zile zinafuata inatuma mabadiliko peke yake. Mkono umesogea hapa. Mdomo umefunguka. Ukuta uko vile ulikuwa. Baada ya sekunde moja au mbili inatuma picha mama ingine.

Sasa unaelewa ile chapati imeraruka. Data ikipotea njiani, TV yako inapokea mabadiliko ya picha ambayo haina vizuri. Inaambiwa "sogeza hiki kipande kulia" na hiko kipande hakikufika. So inasogeza takataka, hadi picha mama ingine ifike iokoe hali.

Kodeki maarufu zaidi, H.264, ilitoka 2003, na hadi leo ndo inabeba video nyingi duniani. H.265 ilifuata 2013, na inaweza kutoa picha ya ubora karibu ule ule kwa nusu ya data. Lakini hakuna cha bure: inataka mashine yenye nguvu zaidi, na inakula betri. Kwa news, video ya HD kutoka mashinani ikibanwa hadi megabiti 5 kwa sekunde bado iko fiti kabisa. Hiyo ni kama mara 250 chini ya ile mbichi.

Vumbi, moshi na majani

Hapa ndo nilijifunza kitu kilinishangaza. Hizo mbinu zote zinategemea kwamba picha haibadiliki sana. Mtangazaji ameketi studio na ukuta wa bluu nyuma yake, kodeki iko likizo. Sasa mtoe studio, mpeleke Kajiado.

Vumbi linapanda. Majani ya mahindi yanacheza na upepo, kila jani kivyake. Mbuzi mia wanapita nyuma. Kila nukta imebadilika, hakuna cha "bado niko hapo." Kodeki inajaribu kueleza kila kitu upya na ile nafasi ndogo umeipatia, inashindwa, so inaanza kurusha viboksi viboksi.

Ndo maana pia video za maandamano huwa chafu. Umati unakimbia, cameraman anakimbia, moshi wa teargas uko kila mahali. Kwa kodeki, moshi ni jinamizi: hauna kingo, hausogei kwa mstari na hautulii. Wakati kuna kitu muhimu cha kuonyesha, ndo wakati picha hubanika vibaya zaidi. Si ati msee wa kamera hajui kazi.

Buda alikuwa ameweka Yeyo mbele ya shamba lote na upepo wa Kilimanjaro ukivuma, juu ilikuwa inapendeza. Tungemweka mbele ya ukuta wa nyumba yake tungeokoa data mob. Lakini basi nyanya zingeonekana aje?

Kwa nini kushuka ni rahisi kuliko kupanda

Utaniuliza: mbona nilipata 14 kushuka na 0.8 kupanda, na busta ni ile ile?

Fikiria mhubiri wa crusade. Yeye ana spika kubwa, wote mnamsikia hadi mtaa wa pili. Lakini wewe uko nyuma kabisa unataka kumuuliza swali, na huna maikrofoni. Busta hupiga mawimbi kwa nguvu ya makumi ya wati. Simu yako, kwa sababu ya betri na usalama, inapiga kama wati 0.2 tu. Busta unaisikia poa. Ni yenyewe haikusikii.

Na hata mitandao yenyewe hupangwa ikijua watu wengi wanatazama kuliko kutuma. Sisi wengi tuko TikTok tunashukisha tu. Msee wa news ndo anapanda wakati kila mtu anashuka.

Ongeza umbali. Mawimbi ya masafa ya chini hufika mbali na hupenya kuta kiasi. Yale ya juu, kama ya 5G ya kasi, yanabeba data nyingi lakini yanachoka haraka. Kwa hivyo mji kama Kitengela unajazwa mabusta karibu karibu, na mashambani unawekewa moja ihudumie bonde zima. Ukitoka Illasit mjini uingie mashamba, unaona baa za simu zikiondoka moja moja.

Laini yako inavuka mpaka kabla yako

Lakini siku hiyo, kilichotuua sekunde ya kumi si umbali. Buda alikagua simu aliyokuwa anatumia kurusha na akapata meseji: "Karibu Tanzania."

Hatukuwa tumevuka. Tulikuwa tumesimama Kenya, na mbuzi wa Kenya. Lakini simu haijui serikali. Inatafuta busta inayosikika vizuri zaidi, na siku hiyo busta ya ng'ambo ilikuwa inasikika kuliko ya kwetu. Wakati inaruka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, muunganisho unakatika, na laivu inakufa. Juu ya hayo, kredo yake ilikuwa imelambwa kwa bei ya ugenini.

Dawa ni rahisi na inauma ukiijua baadaye: ingia kwa settings, zima data ya roaming, alafu chagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague. Wasee wanaoishi Illasit wanajua hii kitu kama wanavyojua majina yao. Sisi wa Kitengela ndo tulifika tukijiona wajuaji.

Kutoka kanda ya ndege hadi begi la mgongoni

Wazee wetu wa kamera hawakuwa na shida ya roaming, walikuwa na kubwa zaidi. Mwaka wa 1984, Mohamed Amin, cameraman mkali wa Nairobi, alipiga picha za njaa ya Korem, Ethiopia, akiwa na Michael Buerk wa BBC. Hizo picha zilikuwa kwa kanda, na kanda ililazimika kusafiri kwa ndege. Zilionyeshwa London tarehe 23 Oktoba 1984, na dunia nzima ikaamka. Imagine stori kubwa hivyo ilikuwa ndani ya boksi, kwa ndege, na ingeweza kupotea kama begi lako la JKIA.

Baadaye yakaja magari ya setilaiti, yale yenye sahani kubwa juu. Setilaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mawimbi yakienda huko na kurudi chini yanachukua kama robo sekunde, na jibu likirudi ni robo ingine. Ndo maana ungeona reporter ameulizwa swali anatingisha kichwa kwanza kama mtu anameza dawa. Hakuwa anafikiria, swali lilikuwa bado liko angani. Magari hayo yanafanya kazi poa, lakini ni ghali, na moja haliwezi kuwa Illasit, Turkana na Kisumu saa hiyo hiyo.

Alafu mapinduzi yakaja kwa begi. Kampuni kama LiveU, iliyoanzishwa 2006, TVU na Dejero walitengeneza kisanduku unabeba mgongoni, chenye laini kadhaa za simu ndani. Ujanja wake nitakueleza kwa nyanya.

Chukua Yeyo ana kreti 60 za kufikisha Marikiti, Nairobi, na hakuna lori. Kuna probox nne ndogo, kila moja ya mwenyewe tofauti. Anaandika namba kwa kila kreti, 1 hadi 60, anazigawa. Ile probox inaenda mbio anaipatia nyingi, ile inakohoa anaipatia kidogo. Moja ikiharibika Emali, anapunguzia na kusukuma mzigo kwa zile zingine. Marikiti kuna msee wake anapokea, anapanga kwa namba. Kreti ya 17 ikikosa, anapiga simu, "Nitumie ingine ya 17." Ikichelewa sana, anaachana nayo anaendelea.

Hivyo ndo begi hufanya. Probox ni laini za mitandao tofauti, kreti ni vipande vya video, na msee wa Marikiti ni seva ya studio. Ukiwa na laini nne, kila moja ikipandisha megabiti 0.8, unakaribia megabiti 3 kwa pamoja. Na kodeki inaambiwa kila mara njia iko aje: ikifunguka picha inakuwa safi, ikibana picha inapungua ubora lakini haigandi. Ile laivu yenye ukungu kidogo lakini inaendelea ni begi linapigana.

Gharama yake ni muda. Msee wa Marikiti lazima angoje kidogo kreti zifike zote ndo apange. Kungoja huko kunaweza kuwa sekunde moja au zaidi. Ukipunguza kungoja, mazungumzo yanakuwa matamu lakini kreti zinapotea. Ukiongeza, picha inatulia lakini reporter na studio wanaongea juu ya kila mmoja. Hapo hakuna jibu sahihi, ni kuchagua tu.

Na cheki hii. Kwa begi kama hilo, mpaka ungekuwa baraka. Unaweka laini mbili za Kenya na mbili za Tanzania zilizonunuliwa Tarakea, na mabusta ya pande zote mbili yanakubebea nyanya. Kile kitu kilituangusha ndo kingetuokoa. Shida ni kwamba mabegi haya ni ya pesa mrefu, na Buda ni freelancer.

Siku hizi kuna njia ingine: Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Setilaiti zake ziko kama kilomita 550 tu juu, so ile robo sekunde inapotea, na sahani inabebeka kwa buti. Lakini hata anga hujaa. Novemba 2024 walisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, Kajiado ikiwemo, juu wateja walikuwa wamejaa kuliko uwezo.

Siku swichi inazimwa

Kuna sababu ingine kijana wa mtaa anafaa kuelewa hizi njia. Safari ya picha iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni mashinani hadi studio. Ya pili ni studio hadi kwako, kupitia mitambo ya kurushia matangazo. Zikizimwa, huzimwa tofauti.

Tarehe 30 Januari 2018, Raila alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, Inooro, NTV na KTN, na zilikaa nje kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kumbukumbu ya maandamano ya 2024, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kurusha maandamano laivu, na NTV na KTN zikaondolewa hewani hadi korti iliposimamisha hiyo amri. Mara zote mbili, kilichokatwa ni sehemu ya pili. Kamera mtaani zilikuwa bado zinapandisha picha, na watu wakahamia kutazama kwa intaneti. Hiyo ndo ilikuwa siku mob yetu tulielewa kwamba njia ya kupanda ni kitu cha maana, na kwamba haiko mkononi mwa mtu mmoja.

Lakini kinyume chake pia ni kweli. Mahali hakuna njia ya kupanda, hakuna haja mtu akuzime. Umezimwa tayari. Mei 2023, wakati simba sita waliuawa siku moja Mbirikani, siku chache baada ya Loonkiito, simba wa miaka 19, kuuawa, dunia nzima ilijua, na ni sawa ijue. Huko huko Kajiado Kusini, shamba likikanyagwa usiku, stori inabaki kwa majirani. Na picha si sifa tu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia kwa mimea iliyoharibiwa, na mtu mwenye video ya asubuhi ile ile ana kitu cha kuonyesha.

Wewe na simu yako

Huna begi. Huna gari la setilaiti. Una simu na pawabenki. Haya ndo Buda alinifunza baada ya sisi kuaibika:

Pima kupanda, sio kushuka. Alafu tumia kama asilimia 70 tu ya kile umepata. Ukiwa na megabiti 2, usijaribu laivu ya HD kamili. Nenda 720p kwa megabiti 1.4 hivi. Picha ndogo inayosonga inashinda picha kali iliyoganda.

Tuliza kamera. Egemea ukuta, weka simu kwa tripod au hata kwa tofali. Kila ukitetemeka, kodeki inafikiri dunia yote imebadilika.

Panda juu. Kutoka bondeni hadi kilimani, ama kuingia juu ya ghorofa, kunaweza kukupatia zaidi ya kununua bundles zingine. Kaa mbali na umati kama unaweza, juu hao wote wanagawana busta moja na wewe.

Rekodi kwa simu hata ukiwa laivu. Laivu ikikufa, ushahidi ubaki.

Na la mwisho: laivu si lazima. Sekunde 30 za 4K zinaweza kufika megabaiti 170, na kwa njia ya 0.8 utangoja karibu nusu saa. Sekunde zizo hizo zikibanwa hadi megabiti 1 ni kama megabaiti 4, zinafika chini ya dakika moja. Tuma hiyo ndogo kwanza, watu waone. Ile safi itafuata ukifika kwa WiFi. Lakini weka ile ya asili, usiifute, juu kila mara video inapakuliwa na kupostiwa tena, inabanwa tena, na kila kubanwa kunakula kitu.

Hiyo ndo tulifanya jioni hiyo. Tulipanda hadi Loitokitok mjini, tukakata Yeyo hadi sekunde 40, tukambana hadi akawa na ukungu kidogo kwa kingo, tukamtuma. Akaonekana taarifa ya saa tatu usiku. Haikuwa laivu, na zile habari za mkopo wa mbegu zilikatwa, lakini nyanya zilionekana, na jina lake likaandikwa sawa.

Kesho yake nikampigia kupitia simu ya kijana wake. Nikamwambia, "Yeyo, Nairobi wamekuona."

Akanyamaza kidogo. Nilidhani ni mtandao.

"Ni vizuri," akasema. "Na wamesemaje?"

Hapo sasa hakuna kodeki ya kunisaidia. Lakini angalau hilo swali limefika.